Kichwa cha Makokha

Ukutani, katika ukumbi mmoja wa maonyesho katikati ya jiji, wameandika maisha ya Tabitha Njoki kwa herufi nyeupe juu ya rangi ya kijivu. Alisomea sanaa, akafundisha shule ya upili, akaacha kazi, akatengeneza simba wa saruji wa kuwekwa kwenye mageti ya matajiri na malaika wa kusimama makaburini, halafu, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wamestaafu na kurudi mashambani, sanamu zake za udongo zikaanza kutafutwa na watu waliokuja kwa ndege. Chini ya maandishi hayo wamepanga kazi zake mwaka baada ya mwaka. Mwaka mmoja hauna kitu. Pameandikwa tu: "Mwaka wa ukimya. Msanii hakutoa kazi yoyote." Njoki alikuwa amezikwa miezi michache tu kabla ya maonyesho hayo, kwa hiyo hakukuwa na wa kuulizwa. Nikamuuliza aliyeandika, binti mwenye miwani mikubwa aliyekuwa akizunguka na sahani ya njugu. "Ulijuaje kwamba hakufanya kazi?" Akasema hakupata rekodi yoyote, wala picha. "Kwa hivyo kitu kisichopigwa picha hakikuwepo?" Akacheka kwa adabu, akanipa njugu, akaenda kusalimia wageni wengine. Nilibaki pale na kazi bora kuliko zote za Njoki ikiwa mbele ya kichwa changu, mahali ambapo kila mtu ana uso, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, na nilikuwa nimepanga chumba Kangemi, upande wa chini, ambapo ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa mabati. Nilijua saa ambayo jirani alipiga mswaki, nilijua wimbo aliouimba akiwa na hasira, na sikuwahi kujua jina lake. Asubuhi nilikwenda Ngara kufundisha hesabu watoto wa mwenye duka moja la jumla, kwenye ghorofa iliyonuka sabuni na viungo. Mchana nilirudi kwa miguu, polepole, kwa sababu chumbani hakukuwa na kitu cha kuniharakisha. Nilikuwa mtu wa kubishana. Chuoni nilikuwa na wa kubishana nao. Sasa nilibishana na wahubiri wa barabarani, na vichwa vya magazeti, na mwenye nyumba aliyesema umeme umepotea kwa sababu ya mvua hata wakati hakukuwa na mvua. Siku nyingine zilipita bila mtu yeyote kuniita kwa jina. Kitu kimoja sikukiona wakati ule, ninakiona sasa: tangu nitoke chuoni hakuna mkono wa mtu uliokuwa umegusa uso wangu, isipokuwa wa kinyozi.

Mama Makokha alinipata sokoni. Nilikuwa nimeinama kuchagua nyanya kwenye meza ya mtu mwingine nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe kijana. Geuka kidogo." Nikageuka. Mbele yangu alisimama mwanamke mnene wa makamo, kanga kiunoni, mikono imejaa udongo wa viazi. "Hapana, upande. Angalia kule kwa barabara." Nikaangalia barabara, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kutiiwa na watoto. Akanitazama kwa muda mrefu mpaka muuza nyanya akasema, "Mama Makokha, unanunua huyo ama unapima tu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akasema naongopa, akanipeleka nyuma ya meza yake akanipa chai na viazi vitamu baridi, na hapo akaniambia alichokuwa akitafuta.

Mwanawe Makokha alikuwa amekwenda nyumbani Budalang'i wakati mto ulipofurika. Alivuka mara ya kwanza akitoa mbuzi wa bibi yake, akavuka mara ya pili, na mara ya tatu wenzake wakiwa ng'ambo walimwona akichukuliwa. Walitafuta mpaka maji yakashuka. Hawakupata kitu. Kwao, mtu asipopatikana hukatwa shina la mgomba, likalazwa kwenye jeneza, likaombewa na kuzikwa kwa jina lake, ili apate mahali. Ndugu zake walitaka jambo hilo limalizike. Yeye alikataa. "Siwezi funika mgomba uso na shuka nikilia," aliniambia. "Mgomba hauna uso." Kanisani kwao kulikuwa na malaika wa saruji ambaye alimpenda, akauliza ni nani alimtengeneza, akaelekezwa Riruta kwa Mwalimu Njoki. Alikwenda na picha moja ya Makokha, ya kitambulisho, iliyofifia. Njoki akamwambia picha ni bapa, haina mifupa. Amtafutie mtu aliye hai mwenye mifupa kama ya mwanawe, hayo mengine angeyafinyanga mwenyewe. Tangu siku hiyo Mama Makokha aliuza viazi huku akikagua vichwa vya vijana wa Kangemi.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na hoja zote tayari: kwamba maiti haihitaji uso, kwamba ibada ni ya walio hai, kwamba mto haujui jina la mtu. Niliuliza baadhi ya maswali hayo pale pale, na Mama Makokha akayajibu yote kwa kuniongezea chai. Jumamosi hiyo tukaenda naye Riruta.

Karakana ya Njoki ilikuwa nyuma ya vyumba vya kupangisha, baada ya kamba za nguo. Unainama chini ya shuka la mtu, unainua kichwa, unakuta simba wanane wamekaa kwenye nyasi wakikutazama, wengine hawana masharubu bado. Ndani kulikuwa na meza ndefu, madebe ya maji, magunia ya udongo aliyoletewa kutoka mtoni, na dirisha moja kubwa lililoelekea kaskazini. Njoki alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta la shule aliyowahi kufundisha. Alishika kidevu changu kabla hajanisalimia, akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua boga. "Mfupa wa shavu ni huo," akamwambia Mama Makokha. "Pua si yake. Paji ni lake." Halafu akaniambia, "Umesomea nini?" Nikasema falsafa. "Aha. Profesa. Basi leo utanyamaza kidogo."

Alinilaza kwenye benchi, akanipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye nyusi, akanitia mirija miwili puani, akaanza kunifunika kwa plasta. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye uhakika. Plasta huwa baridi ikiwa mbichi, halafu ikianza kushika hupata joto lenyewe, joto la mtu. Macho yalifungwa, mdomo ukafungwa, masikio akayaacha wazi kwa kuwa aliyatengeneza kando. Nilikuwa nimeonywa nisitikisike hata nikichekeshwa. Nilibaki gizani nikisikia pumzi yangu ikipita kwenye mirija kama filimbi mbovu. Nje mtu akaita, mteja wa simba, Njoki akatoka. Nikabaki na Mama Makokha na kaka yake, mjomba Barasa, ambaye alikuwa amefika akinung'unika tangu mlangoni.

"Dada, huyu ni mtu wa wapi?"

"Anakaa Kangemi."

"Kangemi si kwao mtu. Uliza jina."

"Anaitwa Muchiri."

"Muchiri! Sasa unataka tuzike Muchiri kwa boma yetu? Huyu ni mtu wa milima. Tukimlaza Budalang'i ataanza kulalamika maji ni mengi."

"Barasa, heshima."

"Na atataka title ya hiyo shamba." Nilihisi cheko likipanda kifuani nikalikandamiza. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini wacha nikuulize, si mzaha. Huyu kijana ako hai. Ukizika uso ya mtu ako hai, umemfanyia nini? Umewahi ona hiyo mambo ikifanywa na mtu yeyote?"

Barasa akasema anatoka kuvuta hewa. Nilisikia viatu vyake vikipita kati ya simba. Halafu kiti kikasogezwa karibu na benchi. Nadhani Mama Makokha alifikiri plasta ilikuwa imenifunika masikio pia, au labda hakufikiri lolote kunihusu.

"Makokha," akasema. "Viatu vyako vyeusi nimempa Eliudi. Vilikuwa vinakaa tu. Usikasirike." Akanyamaza, kama anayengoja jibu. "Ile nyumba ya juu tulihama. Maji ilikuwa inaingia. Sasa tuko huku chini ya kanisa, mlango ya kijani. Ukija usiende kule ya zamani. Utapata watu wengine." Mkono wake ukagusa mkono wangu, ukaondoka haraka. "Na ile kikombe ya bibi yako, nilijua ni wewe ulivunja. Nilijua tu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi siye. Mdomo ulikuwa umefungwa, na kusema kweli, hata usingefungwa sijui. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu nafsi na mwili, nyingine nimezifundisha, na hakuna hata moja iliyonisaidia pale kwenye benchi, nikiwa nimelala kwa niaba ya mtu. Njoki alirudi, akagonga plasta kwa ukucha, akasema imeshika. Alipoinyanyua, mwanga ulinipiga machoni nikalia machozi, na kila mtu akadhani ni mwanga.

Kutoka kwenye ganda lile, kalibu kama alivyoliita, alikandamiza udongo na kutoa kichwa changu. Kisha akaanza kuniondoa. Kwa miezi kadhaa nilikwenda Riruta kila nilipotoka Ngara, mwanzoni kwa kuwa alinihitaji kwa vipimo, baadaye kwa kuwa kulikuwa na watu. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe kwenye meza ile ile, tukisukuma zana pembeni. Mama Makokha alileta omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya na kunishurutisha nile mpaka vichwa. Alikaa kando ya Njoki akisahihisha. "Pua yake ilikuwa imelala. Lala zaidi. Hapo. Hapa alikuwa na kovu, aligongwa na jembe." Njoki akakata kwa kisu chembamba. Mdomo wangu ukaondoka, ukaja mwingine ulioonekana kama unataka kuuliza kitu. Mikono aliifinyanga peke yake, kwa maneno ya mama tu: kidole gumba kifupi, kucha zilizotafunwa. Nilishuhudia nikipungua kila wiki, na badala ya kuogopa nilihisi kama mtu anayeandaa chumba chake kwa ajili ya mgeni. Mashavu na paji vilibaki vyangu. Ilipofika kwenye macho, Njoki alishika kisu ili ayafungue, maana sanamu zake zote zilikuwa na macho wazi, ndiyo iliyokuwa alama yake. Mama Makokha akamshika kifundo cha mkono. "Wacha hivyo. Amechoka." Njoki akaweka kisu chini.

Alipokichoma kichwa kwenye tanuri lake la kuni nyuma ya ua, kilitoka na rangi ya chai ya maziwa upande mmoja na nyeusi kidogo upande wa moto. Sijui namna ya kukieleza bila kuonekana natia chumvi, nami sipendi kutia chumvi. Nitasema tu kwamba mjomba Barasa alipoingia na kukiona mezani, alivua kofia.

Ndipo akaja msimamizi wa ukumbi mmoja wa mjini. Njoki alikuwa akimngoja mtu huyo maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amempelekea picha, akamwalika, akapuuzwa, akamwalika tena. Siku hiyo alivaa nguo ya kanisani chini ya aproni. Bwana yule aliwapita simba bila kusimama, akatazama sanamu za rafuni akisema ni nzuri, ni nzuri, halafu akafika kwenye kichwa cha Makokha na kunyamaza. Alikizunguka. Akapiga magoti ili akione kwa chini. "Hiki kinakaa katikati ya ukumbi," akasema. "Peke yake. Hizo zingine zitakizunguka." Njoki akamweleza kwamba kichwa hicho kina mwenyewe, kinakwenda kuzikwa. Yule bwana alidhani ni mzaha wa kisanii. Alipoelewa kwamba sivyo, alikasirika kama mtu aliyeibiwa. "Mwalimu, bila hicho kichwa mimi nitaonyesha nini? Simba wa geti?"

Mimi ndiye niliyepata suluhisho, bila shaka. Kalibu bado lilikuwepo. Si afinyange kichwa cha pili? Kimoja kiende Budalang'i, kingine mjini, na kila mtu apate chake. Nilimweleza Mama Makokha jambo hilo jioni iliyofuata, mbele ya Njoki, kwa mantiki iliyonyooka ambayo hata leo sioni mahali ilipopinda. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Muchiri," akasema, "mtoto mmoja hawezi zikwa huku na anaonyeshwa watu kule. Akiwa kule, mimi nitakuwa nimezika nini?" Nikasema ni udongo tu, vyote viwili. "Basi kama ni udongo tu, wapeleke hiyo ya simba." Halafu akamgeukia Njoki. Hakuomba. Alisema gari la kwenda nyumbani lingekuja Ijumaa, na alitaka kichwa, mikono, na kalibu livunjwe. Akachukua kikapu chake akaondoka, shuka la jirani likamfunika, akapotea.

Njoki alinimiminia chai akasahau sukari. Alisema hana mtoto, hana mume, na hizo kazi zake ziko kwa watu ambao hawajui jina lake, wanasema tu yule mama wa simba. Alisema ana uhakika kwamba hatafinyanga tena kichwa kama kile, kwa kuwa hakujua amekifinyangaje. Hakulalamika, alikuwa kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Halafu akasema, "Profesa, tangu uje hapa umeniuliza maswali mpaka udongo unakauka. Leo nakuuliza moja. Hii uso ilianza ikiwa yako. Niwape nani?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimeyatoa saa moja iliyopita. Lakini nilipofungua mdomo nilichosikia ni mlango wa kijani chini ya kanisa, na mtu anayeelekezwa ili asipotee. Sikumwambia Njoki nilichosikia chini ya plasta. Sijamwambia mtu mpaka leo. Nikasema, "Mpe mama yake." Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kalibu limefungwa kwenye gunia. Alilipiga kwa nyundo, akaendelea hata lilipokuwa unga, na paka wa jirani akakimbia juu ya ukuta.

Sikwenda mazishini. Mjomba Barasa alikuja mwenyewe kuniomba nisije, akiwa na kofia mkononi. Alisema mwenye uso asione jeneza, si vizuri. Nikamwambia siamini mambo hayo. "Najua," akasema. "Kaa tu hata kama huamini." Kwa hiyo Jumamosi ile walipokuwa wakikilaza kichwa na mikono juu ya shina la mgomba, wakaufunika uso kwa shuka na kumlilia Makokha, mimi nilikuwa Kangemi. Nilikwenda kunyolewa bila haja. Kinyozi hakuwepo, alikuwapo mwingine, nikakaa mbele ya kioo nikitazama mashavu yangu na paji langu huku mgeni akinigeuza kichwa. Nilijicheka. Nikarudi chumbani, jirani alikuwa akiimba ule wimbo wa hasira, na kwa mara ya kwanza nikagonga mabati. Akanyamaza. Sikuwa nimepanga kusema lolote. Baada ya muda akauliza, "Uko sawa?" Nikasema niko. Hatukuongea tena.

Yule bwana wa mjini hakupiga simu. Njoki alirudi kwa simba, na miaka mingi ikapita kabla ya wengine kumjia. Nilimuuliza mara moja kama alijuta, akiwa tayari ni mtu wa kuhojiwa redioni. Alifikiri vizuri. "Nilijuta sana," akasema. "Mwaka mzima, nilikuwa naamka nikijuta. Halafu nikaacha." Sikupata zaidi ya hapo, nami nilijaribu.

Jumapili baada ya kuona maonyesho nilikwenda Kangemi. Chumba changu cha zamani kimekuwa ghorofa, lakini mlango wa kijani upo, umepakwa rangi upya. Mama Makokha sasa anatembea kwa shida na hauzi tena viazi. Nimekuwa nikimtembelea, si mara nyingi, na hatujawahi kuzungumzia kwa nini. Alinipa chai na ugali na omena, akauliza kuhusu maonyesho ya Mwalimu. Nikamwambia wameweka kila kitu, hata simba.

"Na Makokha?"

"Hapana. Wameandika mwaka huo hakufanya kazi yoyote. Nilitaka kuwaambia."

"Ukawaambia?"

"Bado."

Alitafuna polepole. "Wacha hivyo," akasema. Halafu akaweka bakuli chini, akanitazama kwa ile namna ya sokoni. "Geuka kidogo. Angalia kwa dirisha."

Nikageukia dirisha. Nje mtu alikuwa akianika magodoro ya watoto kwenye ukuta wa kanisa. Nilihisi macho ya Mama Makokha yakipita shavuni, yakapanda, yakasimama juu ya sikio ambapo nywele zimeanza kuwa nyeupe.

"Kumbe angeanza na hapo," akasema. "Kama babake."

Sikutikisika. Nilipumua kwa pua, taratibu, nikitazama magodoro, mpaka aliposema basi, nile, chakula kinapoa.